Nani Asema Watu wa Baliem Hawana Mali?

Msomaji usishtuke, wala usiufunge ukurasa huu kabla hujaumaliza, kwani leo sina budi kumtaja mnyama ambaye majumbani mwetu hatajwi ila watu wanapotukanana. Namtaja nguruwe. Simtaji kwa mapenzi, namtaja kwa sababu bila yeye haiwezekani kueleza maisha ya watu wa bonde la Baliem, juu milimani katika kisiwa cha New Guinea, ambao juzi barazani kwetu walihukumiwa kwa maneno manne tu: "Wale watu hawana kitu."

Aliyesema hivyo ni mtu mzima, ana elimu yake na amesafiri. Alikuwa ameziona picha zao. Wanaume wa zamani wamejisitiri kwa kibuyu chembamba kirefu na hawana zaidi ya hicho. Wanawake wameninginiza mifuko ya kusuka kutoka utosini hadi mgongoni. Nyumba ni za mviringo, zimeezekwa nyasi, moshi unapenya katikati ya paa. Hakuona sanduku, hakuona kitanda, hakuona saa ukutani, basi akakata hukumu. Wenzetu wakacheka, kahawa ikapitishwa, mazungumzo yakageukia bei ya samaki. Mimi nilisema papo hapo kwamba sikubaliani naye. Lakini baraza si mahali pa hoja ndefu, ndiyo maana nimeileta hoja yangu hapa.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Kisiwa hicho kimekatwa vipande viwili. Upande wa mashariki ni dola ya Papua New Guinea, iliyopata uhuru mwaka 1975. Upande wa magharibi uko chini ya Indonesia, na huko ndiko liliko bonde la Baliem, kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, limezungukwa na milima pande zote. Watu wake huitwa Wadani. Mji wao mkubwa ni Wamena, na tangu mwaka 2022 sehemu hiyo ya milimani imefanywa mkoa peke yake.

Usiku huko ni baridi, si baridi ya kaskazi kugeuka kusi, bali baridi ya kuota moto. Ndiyo sababu nyumba ya wanaume, waiitayo honai, ni fupi, haina dirisha, ina meko katikati na dari ya kulalia juu yake. Wanawake wana nyumba zao, jiko ni banda refu la wote, na zizi la nguruwe limo ndani ya ua ule ule mmoja. Chakula ni viazi vitamu, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Zao hili asili yake ni Amerika, lakini lilifika milimani kabla ya Mzungu yeyote kuiona milima hiyo. Nao wamelilima kwa akili kubwa mno. Kila shamba limezungukwa na mifereji iliyochimbwa kwa miti iliyochongwa ncha. Mfereji huondoa maji ya mvua yanapozidi, huyaleta yanapopungua, na matope yaliyo chini yake huzolewa yakamwagwa juu ya matuta kuwa mbolea. Mwaka 1938, Mmarekani Richard Archbold aliporuka kwa ndege juu ya bonde hilo, aliyaona mashamba yenye mipaka na mifereji iliyopangika, mahali ambapo ramani za wakubwa zilionyesha msitu mtupu. Mtu asiye na kitu hachimbi mifereji ya namna ile. Mfereji ni kazi ya baba na babu, na mwenye kuuchimba anajua nani atakayeurithi.

Nije kwenye mavazi, maana hapo ndipo wengi wetu hukwama. Kusitiri uchi kwetu ni wajibu wa dini, wala sina nia ya kubishana na hilo. Lakini sikilizeni yaliyofanywa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Indonesia ilianzisha kampeni iliyopewa jina la kibuyu hicho hicho, Operesheni Koteka, ili watu wa milimani wavae suruali na mashati. Wakagawiwa nguo. Sabuni haikugawiwa kwa kadiri ya nguo, wala nguo ya pili ya kubadilisha, na katika nchi ya mvua na moshi mtu akabaki na shati moja mwilini hadi likamwozea. Maradhi ya ngozi yakafuata. Mimi nasema aliyetaka kweli kumsitiri mwenzake angeanza na sabuni. Aliyetoa shati tupu alitaka picha. Na leo vijana wa Wamena huvaa kama vijana wa popote. Koteka utaiona zaidi kwa wazee na katika sherehe za kuwafurahisha watalii. Kwa hiyo anayewahukumu kwa kibuyu anawahukumu kwa picha ya jana.

Sasa nguruwe. Mdani hachinji nguruwe kwa sababu ana hamu ya nyama. Nguruwe huchinjwa au hutolewa mtu anapokufa, anapooa, panapokuwa na deni la damu, na adui wanapopatana. Sisi tuna maneno yetu kwa mambo hayo: mahari, dia, matanga. Wao yote hayo huyafanya kwa mnyama mmoja. Msiba ukitokea, jamaa huja na nguruwe, na vyandarua vya kusuka, na zamani mikanda mirefu iliyoshonewa kauri; vitu hivyo huanikwa mbele ya watu, huitiwa majina, kisha hugawanywa. Aliyepokea leo ana deni la kesho. Mkubwa katika nchi hiyo ni yule ambaye vitu vimepita mikononi mwake vikaenda kwa wengi. Mwenye zizi lililojaa asiyempa mtu hana sifa yoyote. Humwona ni mchoyo tu. Na hii ndiyo sababu mpiga picha hakuona sanduku. Mali yao iko kwa watu wengine.

Najua mwanafunzi wa chuoni ataniinulia mkono: je, nguruwe ni mali? Katika madhehebu yetu ya Shafi si mali. Mwislamu hammiliki, hamuuzi, wala hadai fidia yake. Lakini wanazuoni wa Kihanafi waliona tangu zamani kwamba kwa asiye Mwislamu anayeishi katika himaya ya Waislamu, nguruwe wake ni mali yake, na Mwislamu akimwangamiza atalipa thamani. Sikuyataja hayo ili tubadili madhehebu. Nimeyataja kwa sababu mabwana hao, pamoja na kumchukia mnyama, hawakuruka swali moja: ni mali kwa nani? Swali hilo ndilo lililorukwa barazani.

Wala sitaki nionekane nawapamba watu hao kama bibi harusi. Nguruwe hutolewa na mwanamume, sifa ni ya mwanamume, lakini anayemlea ni mwanamke. Ndiye anayepanda viazi, anayepalilia, anayechimbua, anayerudi jioni na mfuko mzito mgongoni, na sehemu nzuri ya viazi hivyo huliwa na nguruwe. Mtoto wa nguruwe hubebwa na mwanamke katika mfuko ule ule wa kusuka, uitwao noken, unaobebea pia mtoto wa binadamu. (Mfuko huo uliingizwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, waliousuka, bila shaka, ni hao hao wanawake.) Siku ya kugawa, jina linaloitwa ni la mume. Zamani walipofiwa walikuwa wakikata vidole vya wasichana wadogo kwa huzuni, na hata leo wapo vikongwe wenye mikono iliyopungua vidole. Desturi hiyo ilipigwa marufuku na imekoma, na hakuna wa kuililia. Ukewenza nao ulikuwa ni njia ya kuongeza mikono ya kulea nguruwe. Hayo ni dhuluma, na kuyasema si kuwatukana.

Nimetaja kauri, na hapo Pwani yetu inaingia, ingawa kwa mlango wa nyuma. Watu wa Baliem hawakuwa wameiona bahari. Kauri ziliwafikia kutoka ufukoni mkono kwa mkono, kijiji hadi kijiji, zikipanda milima kwa muda wa miaka, na kila zilipopanda zilizidi thamani. Magharibi zaidi, kwenye maziwa ya Paniai, watu wa kabila la Wame walizifanya kuwa fedha hasa: walinunulia, waliuzia, walikopesha. Kwa hiyo hata neno "Wapapua" lisitumiwe ovyo kama kwamba wote wana desturi moja. Basi Wazungu walipoanza kufika milimani kwa ndege walikuta mshahara wa vibarua ni kauri na makombe, wakayaleta kwa magunia. Upande wa mashariki wa kisiwa, ndugu wawili wa Kiaustralia, akina Leahy, waliosafiri milimani katika miaka ya 1930 wakitafuta dhahabu, walilipia chakula na kazi kwa makombe yaliyoletwa kwa ndege. Kilichokuwa adimu kikawa kingi, na thamani ikaporomoka.

Je, sisi tuna haki ya kuwacheka? Karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walipakia kauri za mwambao wetu pale Unguja, wakazipeleka Afrika Magharibi ambako zilikuwa fedha, kwa shehena kubwa hata fedha ile ikavunjika thamani. Wazee wetu waliziokota wakati wa maji kupwa na kuziuza kwa mzani. Kombe ni lile lile, na mchezo ni ule ule. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa upande wa waokotaji. Nchi ya Papua New Guinea, kwa kumbukumbu, mwaka 1975 iliipa sarafu yake jina la kombe, kina, na jina hilo lipo hadi leo.

Katika nchi ya namna hii safari si jambo la nauli. Kabla ya vita vya koo kuzimwa, katika miaka ya 1960, mtu hakuweza kuamka akaamua kwenda bonde la pili. Alikwenda palipokuwa na mkwewe, au mjomba wake, au mtu aliyepata kumpa nguruwe. Pasipo deni, njia ilikuwa imefungwa kwa mikuki. Mawe ya kutengenezea mashoka yalitoka katika machimbo ya Yeleme, mbali upande wa magharibi. Chumvi ilitoka katika chemchemi iliyo mlimani juu ya kijiji cha Jiwika: wanawake hupanda na vipande vya shina la mgomba, huviloweka katika maji ya chumvi hadi vikanywa, huvishusha, huvianika na kuvichoma, na majivu yake ndiyo chumvi. Vitu hivyo vyote vilisafiri juu ya migongo ya watu, kwa miguu, kupitia madaraja ya kamba za mwituni yanayotikisika juu ya mto Baliem. Nguruwe niliyempa mkwe wangu mwaka juzi ndiye aliyenilindia njia mwaka huu. Ndiyo maana nasema mali na safari kwao vilikuwa jambo moja.

Wageni walikuja kwa njia nyingine. Baada ya ndege ya Archbold ikafuata ile ya askari wa Kimarekani tarehe 13 Mei 1945: watu 24 walipanda kutoka Hollandia, ambao leo ni mji wa Jayapura, si kwa kazi ya vita, bali kwenda kulitazama bonde kutoka juu. Ndege ikagonga mlima. Walipona watu 3, na waliwaokoa kwa ndege zisizo na injini zilizoteremshwa bondeni kisha zikavutwa kwa kamba na ndege nyingine. Magazeti ya Marekani yakalipa bonde jina la pepo ya hadithini, kana kwamba halikuwa na jina. Wamisionari wakaingia 1954, serikali ya Kidachi ikafungua kituo chake Wamena 1956. Tarehe 1 Mei 1963 utawala ukakabidhiwa Indonesia, na mwaka 1969 watu elfu moja na ushei, waliochaguliwa, wakatoa idhini kwa niaba ya Wapapua wote kwamba wabaki humo. Wadani wengi waliambiwa habari hiyo baada ya kwisha.

Kwa miaka mingi kila mfuko wa saruji, kila pipa la mafuta na kila bati lililoonekana Wamena lilikuja kwa ndege, na bei yake ilikuwa ya ndege. Sasa kuna barabara. Serikali imekuwa ikijenga mtandao wa zaidi ya kilomita 4,000 kukata Papua nzima, na kipande cha Jayapura hadi Wamena malori hupita, ingawa mvua ikinyesha hukwama kwenye tope. Mimi si adui wa barabara. Mgonjwa anaihitaji, na mama mwenye viazi vya kuuza anaihitaji. Lakini barabara huja na mtu ambaye zamani alizuiliwa na mlima, na mtu huyo haulizi nani ni mkwe wa nani. Huuliza: ardhi hii ina hati?

Hapo ndipo roho yangu inapouma. Ardhi ya Baliem haina mwenyewe mmoja. Ni ya ukoo. Aliyeko anaitumia, aliyekufa yumo ndani yake, na ambaye hajazaliwa ana sehemu yake. Hakuna karatasi. Mpaka ni mfereji, na ushahidi ni kumbukumbu ya wazee. Sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 inazitambua haki za jamii za kimila, lakini maadamu hazipingani na maslahi ya taifa, na sote tunajua nani huyapima maslahi ya taifa. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilitamka kwamba msitu wa kimila si msitu wa serikali. Hukumu nzuri sana. Utekelezaji wake umekwenda kwa mwendo wa kobe. Wala msidhani hati peke yake ni dawa. Papua New Guinea katiba na desturi zimeiacha zaidi ya sehemu 90 kwa 100 ya ardhi mikononi mwa koo, na bado makampuni yalipata mikataba ya kukodi zaidi ya hekta milioni 5 kwa miaka mingi mno, hata ikabidi tume iundwe mwaka 2011 kuchunguza, ikakuta mara nyingi wenye ardhi hawakuulizwa ipasavyo.

Nani miongoni mwa wasomaji wangu asiyeijua hadithi hii? Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilipita katika mwambao wetu, ikamtaka kila mwenye dai alilete kwa maandishi. Asiyedai, ardhi yake ikaandikwa ya Serikali ya Mfalme. Wajukuu wao wanaitwa maskwota hadi leo katika mashamba waliyozikiwa babu zao.

Sasa naja kwenye jambo zito zaidi, nalo linatuhusu sisi Waislamu. Wageni waliofuata barabara na ndege kwenda Wamena, wenye maduka, magari na vibanda vya sokoni, wengi wao ni ndugu zetu wa dini kutoka Sulawesi, Java na Sumatra. Wenyeji wengi ni Wakristo. Mwezi Septemba 2019 mji ulilipuka, majengo yakachomwa, watu zaidi ya 30 wakauawa, wengi wao wageni hao, na maelfu wakakimbia. Habari ilipofika huku, wapo waliosema upesi: "Waislamu wanauawa." Ndiyo, waliuawa, na damu yao ni haramu, na aliyeimwaga atajibu. Wapo pia wenyeji waliowaficha wageni majumbani mwao na makanisani, na hao hawakutangazwa sana. Lakini kuwa Mwislamu si hati ya shamba la mtu. Muuza duka kutoka Makassar ana haki ya uhai wake na mali yake. Hana haki ya kuambiwa na serikali kwamba bonde lilikuwa tupu likimngojea. Tukinyamaza juu ya ardhi kwa sababu tu anayenufaika anasali kama sisi, basi kilio chetu cha 1908 hakina maana, maana na sisi tulipoporwa walioandika karatasi walikuwa na dini yao na watu wao waliowatetea.

Tena si kweli kwamba Mdani hana sehemu katika Uislamu. Kilomita chache kutoka Wamena kipo kijiji cha Walesi. Uislamu uliingia huko katika miaka ya 1970, na Waislamu wake ni Wadani wenyewe, wa koo zile zile na mashamba yale yale. Wana msikiti wao na shule yao. Hawakuhama ardhi yao ili wawe Waislamu, wala hawakuwakata jamaa zao. Kubwa kuliko yote lilikuwa ni nguruwe, kwani katika bonde lile kukataa nguruwe ni kama kuukataa udugu. Wao wameshughulikia jambo hilo kwa namna yao. Kabla ya Ramadhani hukusanyika kwa karamu ya shimoni. Mawe hupashwa moto vilevile, nyasi na majani hutandazwa vilevile, viazi vitamu hupangwa vilevile. Ila nyama iliyomo ni ya kuku waliochinjwa kwa bismillahi, na jamaa zao Wakristo huja wakaketi nao wakala.